Mchumba wa Kompyuta na Ng'ombe Tisa wa Zuzu

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Elieth amesimama mbele ya mashine ya kuchapia, ameshika karatasi isiyo yake.

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita kwa sababu lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nitakurudishia kwa kifupi. Elieth ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Ana miaka arobaini na moja, hana mume, ana mchumba. Mchumba huyo ni Anthony, injinia wa mafuta, Mwingereza, mjane, mwenye nyumba ya ghorofa na mbwa wawili. Elieth hajawahi kumwona. Hajawahi kumsikia. Humsoma tu, kila Jumanne na Ijumaa, kwenye duka la intaneti lenye kompyuta tatu na foleni ya watu kumi.

Ijumaa hiyo alikwenda kuchapa barua ya thelathini na moja. Aliponyanyua karatasi kwenye mashine, haikuwa ya kwake. Ilianza hivi kwa Kiingereza safi: "Mpenzi wangu Mwanne." Chini kulikuwa na jina la Anthony.

Msomaji mmoja wa Kizota ameniandikia kunilaumu kwamba namdharau sana Elieth. Bibie, simdharau yeye peke yake. Nawadharau karibu wote waliomo humu, na wabaya zaidi hujakutana nao bado.

Soko huria limetuletea mitumba ya nguo, likatuletea mitumba ya magari, na sasa limetuletea mitumba ya mapenzi. Watu wanajaribu, inawabana, na bado wanalipa.

Elieth aliisoma karatasi ile mara mbili. Hakulia. Maneno yale aliyajua. "Nikilala nasikia sauti yako kama maji chini ya mlango." Yeye aliandikiwa hayohayo mwezi wa pili, na karani wa masijala hasahau barua iliyopita mikononi mwake. Akafanya alichofundishwa kazini. Akatafuta tarehe.

"Samahani dada," sauti ikasema nyuma yake. "Nimesahau karatasi yangu hapo."

Akageuka. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtandio kichwani, vidole vyeupe kwa chaki.

"Unaitwa Mwanne?"

"Ndiyo. Tunafahamiana?"

"Bado," Elieth akasema. "Lakini tuna mchumba mmoja."

Hapa ndipo ungetegemea wanawake wawili wenye akili wakae chini waelewane. Hukai na watu wewe. Mwanne alimtazama Elieth kuanzia kiatu hadi kitambaa cha kichwa, kisha akacheka kwa pua.

"Kumbe ni wewe. Aliniambia kuna mama mmoja wa ofisini anamwandikia kwa nguvu, hataki kuachwa."

"Na mimi aliniambia kuna mwalimu mmoja asiye na haya."

"Anthony anakuonea huruma tu, dada yangu. Tunafunga ndoa mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane ni wangu," Elieth akasema. "Barua ya ishirini na sita."

Mwenye duka akawaambia wakagombane nje, dakika za kompyuta zinakwenda na watu wamepanga foleni. Foleni nzima ilikuwa imegeuka kusikiliza. Hakuna aliyetaka dakika zake tena.

Elieth alikuwa amekwisha kufungua mdomo amtukane mwenzake. Akaufunga. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika hadithi hii kumwona akifanya jambo la maana.

"Barua zako unazo?" akauliza.

"Zote. Ziko kwenye mkoba."

"Twende masijala."

* * *

Saa tisa na nusu ya Ijumaa, ofisi ya serikali haina mtu zaidi ya mlinzi na nzi. Elieth akafungua kabati la chuma na kutoa jalada la rangi ya kaki. Juu yake alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: BINAFSI, A., JUZUU YA KWANZA.

Mwanne akaduwaa. "Umemfungulia mchumba wako jalada?"

"Barua zisizo na jalada hupotea," Elieth akasema, kama mtu anayeeleza kwamba maji hulowesha.

Ndiyo, ndugu msomaji. Mwanamke huyu alichapa kila barua ya mapenzi, akaitoboa, akaipa namba ya folio, yaani ya ukurasa wa jalada, kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika dokezo: "Imeonekana. Ijibiwe." Nimecheka wiki kumi kwa sababu ya jalada hilo. Leo nalivulia kofia.

Folio ya kwanza ilikuwa kipande cha karatasi ya daftari chenye anuani yake ya barua pepe na neno la siri, kwa mwandiko wa Erick. Erick ni mtoto wa baba yake mdogo. Elieth ndiye aliyemlipia masomo ya kompyuta kwa mshahara wa karani, na kijana akamshukuru kwa kumfungulia anuani. Neno la siri lilikuwa Mabaka, jina la ng'ombe mkubwa wa mama yake huko Zuzu. Elieth akaifunua folio hiyo bila kuitazama, akaanza na ya pili.

Wakapanga barua sambamba juu ya meza ndefu, za Elieth kushoto, za Mwanne kulia.

Mama yake Anthony alifariki mwezi wa nne, kwenye jalada la Elieth. Kwenye barua za Mwanne alifariki mwezi wa sita. Hospitali ileile, mvua ileile, na mama akasema maneno yaleyale ya mwisho, kwamba mwanawe aoe mwanamke wa Kiafrika mcha Mungu. Mwanamama wa Kiingereza kafa mara mbili na mara zote mbili anawaza Dodoma.

"Mimi nilimchangia rambirambi," Mwanne akasema taratibu.

"Na mimi pia."

"Hii hapa nini?" Mwanne akagusa folio ya tisa. "'Msalimie baba yako, mwambie namtakia mfungo mwema wa Ramadhani.' Wewe ni Mwislamu?"

"Baba yangu alikuwa katekista wa Anglikana. Amefariki miaka kumi na miwili."

"Sasa hukushangaa?"

Elieth akaonyesha pembeni mwa karatasi, wino mwekundu: "Amechanganya. Mzungu."

Mwanne hakucheka, maana na yeye alikuwa na barua kwenye fungu lake ikisema, "Nawapenda ng'ombe tisa wa mama yako kabla sijawaona." Mama yake Mwanne anauza vitumbua Kondoa na hafugi hata kuku. Yeye alidhani ni shairi.

Basi hivyo ndivyo mtu anavyodanganywa, na wala haihitaji mwongo hodari. Mwongo anakosea mchana kweupe, na mpenzi ndiye anayekaa kumtafutia sababu. Mwongo mvivu hupenda sana wanawake wenye bidii.

"Mimi nimeuza cherehani ya marehemu bibi," Mwanne akasema. "Kukomboa sanduku. Ameniletea sanduku lenye pete na gauni, limezuiliwa ushuru. Nilipolipa, wakaongeza ushuru mwingine."

Elieth akakaa.

"Sanduku langu nalo limezuiliwa," akasema. "Wamesema lisipokombolewa kabla ya Jumatatu linarudishwa Uingereza. Na mimi nimekwisha kukubali. Wiki mbili zilizopita niliweka sahihi."

"Kukubali nini?"

"Ng'ombe wa mama. Wote tisa. Baba mdogo amewaswaga tangu asubuhi, kesho anawauza mnada wa Msalato."

Elewa jambo hili vizuri. Mama Raheli, mjane, hana pensheni, hana duka, hana mtoto mwingine. Ana wale ng'ombe tisa. Ndio maziwa yake, ndio samadi ya shamba lake la mtama, ndio sanda yake siku ikifika. Na walikuwa wanakwenda kuuzwa ili sanduku likombolewe na bwana harusi apate nafasi ya kuja kulipa mahari. Tangu lini, enyi wazee wa Ugogo, mahari ikaanzia zizini kwa bibi harusi?

Hata hapo Elieth alijaribu mara ya mwisho kumtetea.

"Lakini alileta mbuzi," akasema.

"Mbuzi gani?"

"Wa kishika uchumba. Wakala wake alikuja Zuzu mwezi uliopita na mbuzi wawili na blanketi. Anthony alimtuma. Mzungu wa watu akasema anaheshimu mila, bila mbuzi hawezi kutaja jina langu mbele ya wazee. Ukoo mzima ulikula. Baba mdogo alilia machozi."

Mwanne akafikiri. "Mimi hakuniletea kitu. Na kwetu Warangi tuna utaratibu wetu wa posa."

"Labda hakuujua."

"Basi ni mzungu wa ajabu," Mwanne akasema. "Mila ya Kigogo anaijua, ya Kirangi haijui. Kasoma shule gani huyo?"

Kulikuwa na swali jingine jepesi, ambalo hata mtoto wa darasa la tatu kwa Mwanne angeliuliza papo hapo barua zikiwa mezani. Hawakuliuliza. Wakafunga jalada kwa kamba, wakakubaliana waonane alfajiri.

* * *

Saa tatu asubuhi walikuwa Msalato. Vumbi, moshi wa nyama choma, ng'ombe wakilia, wanaume wakipigana vikofi vya bei.

Mama Raheli alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya uzio, fimbo magotini. Alitembea na ng'ombe wake kutoka Zuzu, wakalala njiani. Hakuja kuuza. Alikuja kuwaaga.

"Shikamoo mama," Elieth akasema.

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwa Mabaka.

Baba mdogo Gerson alikuwa katikati ya wazee, kavaa koti la kanisani kwenye jua lile. Pembeni yake alisimama mwanamume wa miwani myeusi na mkoba wa ngozi. Huyo ndiye Damas, wakala wa mizigo kutoka Dar es Salaam, yuleyule aliyeleta mbuzi. Mbele yao mchinjaji mmoja wa mjini alikuwa akimkagua Mabaka meno. Lori la kukodi la kuwapeleka machinjioni, Gerson ndiye aliyelikodi, lilikuwa limeegeshwa nyuma, na ng'ombe wengine wanane wamekwisha kupakiwa.

"Umefuata nini huku?" Gerson akauliza. "Bibi harusi haendi mnadani."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Rudi nyumbani."

"Baba, Anthony hayupo."

"Najua hayupo. Yuko Ulaya."

"Hayupo popote, baba. Ni uongo. Huyu dada naye ni mchumba wake."

Gerson akamtazama Mwanne kwa nusu dakika, kisha akawageukia wazee akitabasamu. "Mwanamume mwenye mali ana wachumba wawili. Hilo nalo ni jambo la kuja kusimamisha mnada?"

Wazee wakacheka. Nakuambia wakacheka, wale waliokula mbuzi na mate bado yanawatoka.

"Sikiliza, binti," Gerson akaendelea, sauti imeshuka. "Mzungu ataleta mahari ya ng'ombe arobaini. Hao arobaini nimekwisha kuwagawa. Wengine nimewaahidi wakwe wa Erick, wengine wajomba zako. Watu wamekwisha kutoa binti zao kwa ahadi ya ng'ombe wako. Sasa niende niwaambie nini?"

Hebu muone mtu mzima huyo. Amegawa ng'ombe ambao hawajazaliwa, wa mkwe ambaye hajazaliwa. Nusu ya Zuzu ilikuwa imeposa na kuposwa kwa mifugo ya hewa.

Elieth hakubishana naye. Alimgeukia Damas.

"Ndugu wakala, ile barua ya kampuni yenu unayo?"

Damas akaitoa kwa madaha. Karatasi nene, muhuri wa bluu, sahihi yenye mikia. Elieth akaisoma kutoka juu hadi chini, kama anavyosoma barua elfu kwa mwaka.

"Haina kumbukumbu namba," akasema.

"Nini?"

"Nimekaa masijala miaka kumi na saba. Barua ya ofisi ina namba ya jalada ilikotoka. Nikitaka kuijibu hii, niijibu kwa kumbukumbu ipi?"

"Dada, sisi ni kampuni binafsi. Hayo mambo ya kizamani tumeyaacha."

"Vizuri. Mwanne, toa ya kwako."

Mwanne akatoa. Karatasi nene ileile, muhuri uleule. Wakala wake yeye aliitwa Sila. Sahihi ilikuwa ileile, na mikia yake yote.

"Damas ni wewe, na Sila ni wewe," Elieth akasema, si kwa sauti kubwa. "Na namba ya sanduku langu ni hiyohiyo ya sanduku lake. Hilo gauni moja tutavaa kwa zamu?"

Safari hii wazee hawakucheka. Mchinjaji akaacha meno ya Mabaka, akasogea kusikiliza.

Damas alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema anaomba nafasi akajisaidie. Akaondoka kwa hatua za kawaida mpaka kwenye banda la kwanza la nyama, kisha watu wakaona vumbi tu. Mkoba aliuacha. Mmoja wa wazee akaufungua mbele ya wote. Ndani kulikuwa na kandambili na nusu ya chapati.

Chapati hiyo ndiyo kampuni iliyokuwa imezuia pete ya Elieth.

Ungedhani mambo yameisha. Gerson alikohoa, akafunga vifungo vya koti.

"Wakala kakimbia kwa sababu mmemtia aibu mbele za watu," akasema. "Wakala ni mwingine, mkwe ni mwingine. Mkwe alileta mbuzi. Mtu mwongo haleti mbuzi. Ng'ombe wanauzwa, fedha nitatunza mimi mpaka mwenyewe aje. Mchinjaji, lipa."

Mchinjaji akapeleka mkono mfukoni.

"Shemeji," akasema Mama Raheli.

Ukiacha ile marahaba, ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea tangu asubuhi. Alinyanyuka juu ya jiwe, akaja taratibu katikati ya wanaume, akashika pindo la kanga yake na kuanza kufungua fundo. Fundo lilikuwa gumu. Akalifungua kwa meno.

Ndani ya fundo kulikuwa na vipande viwili vidogo vilivyokauka, na manyoya juu yake. Akaviweka kwenye kiganja, akawaonyesha wazee mmoja mmoja. Zilikuwa ncha za masikio ya mbuzi.

"Siku mbuzi wa mzungu walipokuja," akasema, "masikio yao yalikuwa yanatoka damu. Nikajiuliza, mbuzi wa kununuliwa mjini wamekatwa masikio na nani. Sikusema. Kesho yake nikaenda zizini kwa shemeji, kuchota samadi ya kukandika nyumba. Nikaviokota humo."

Kwa mgeni wa huku nieleze kidogo. Kila mwenye zizi ana namna yake ya kuchanja sikio la mnyama wake, na wazee wanazijua alama hizo kuliko nyuso za wajukuu. Ncha zile zilikuwa na mikato miwili na tundu moja.

"Gerson," mzee mmoja akasema, "hii ni alama yako."

Naomba nicheke kidogo hapa. Mwizi anatega mtego wa ng'ombe tisa, kisha anaona uchungu kununua chambo. Anachukua mbuzi wa zizi lake, anakata masikio kuficha alama, na vipande anavitupa palepale kwenye samadi, kwa sababu samadi ni kazi ya wanawake na yeye hajawahi kuiinamia. Ubahili na dharau vimemuumbua siku moja.

Lakini Elieth hakuwa anamtazama Gerson.

"Mama," akasema. "Mwezi mzima ulijua?"

"Nilijua mbuzi si wa mzungu. Mengine sikuyajua."

"Na umeswaga ng'ombe mpaka hapa. Kwa nini hukuniambia?"

Mama Raheli akazirudisha ncha zile kwenye kanga, akafunga fundo upya.

"Ulikuwa unacheka, mwanangu," akasema. "Ukija nyumbani Jumapili unacheka peke yako jikoni. Tangu baba yako afe sijasikia kicheko hicho. Nikasema, ng'ombe watakwenda, basi. Ngoja acheke kidogo."

Nimewacheka watu hawa wiki kumi na moja, na kwa mama huyu nimekosa dhihaka.

Elieth alimwinamia mama yake, akashika mikono yake miwili, na machozi ambayo Anthony hakuyapata yakatoka. Mchinjaji akatoa mkono mfukoni ukiwa mtupu.

"Mimi sinunui ng'ombe wa kesi," akasema, akaondoka zake.

Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Elieth alijifuta uso kwa kiganja, akalifungua jalada, akamsogelea baba yake mdogo nalo.

"Baba, hapa kuna barua thelathini na moja za Kiingereza. Wewe hata posho ya kijiji unasaini kwa dole gumba. Hizi aliandika nani?"

Jicho la Gerson lilifanya kosa. Lilikwenda mbio kwenye lori, likarudi.

Mwanne aliliona. Akalifuata jicho lile mpaka kwenye lori, ambako dereva alikuwa ameshuka kwenda kula nyama na kuacha ufunguo. Kijana mmoja, shati jeupe lililopigwa pasi, alikuwa amemwongoza Mabaka juu ya ubao na sasa anafunga komeo la nyuma. Wakati wote huo wa jalada, mkoba na masikio ya mbuzi, hakuna aliyemtazama.

"Dada Elieth," Mwanne akasema, "yule kijana unamfahamu?"

"Ni mdogo wangu, Erick. Mtoto wa baba mdogo. Nimemsomesha mimi."

"Ananifundisha kompyuta jioni," Mwanne akasema. "Ndiye aliyenifungulia anuani. Ndiye aliyenichagulia neno la siri."

Nani aliyekufungulia anuani? Hilo ndilo swali ambalo hawakuulizana.

Elieth akafunua folio ya kwanza. Mwandiko wa Erick, mviringo, msafi, herufi ambazo ada yake ilizilipia. Neno la siri: Mabaka. Kila barua aliyomwandikia Anthony, Erick aliweza kuifungua. Alijua anachopenda, anachoogopa, na saa ngapi huwa mpweke. Sauti yako kama maji chini ya mlango. Kijana aliyelala sebuleni kwake miaka miwili.

"Erick," akaita.

Erick akageuka. Akaona wanawake wawili wamesimama bega kwa bega, na jalada liko wazi. Akapanda kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, na lori likanguruma.

Gerson akapiga kelele, "Nenda," na wazee wawili wakamkamata koti.

Mama Raheli alikuwa karibu kuliko wote. Hakukimbia. Alitembea na fimbo yake mpaka mbele ya lori, akasimama katikati, kanga imefungwa kiunoni, kichwa chake hakifiki hata kwenye taa. Juu yake, nyuma ya mbao, Mabaka alilia mara moja.

Erick akatoa kichwa dirishani. Hata pale adabu yake ya shule haikumtoka.

"Mama mkubwa, naomba unipishe."

"Leo hujaniamkia," Mama Raheli akasema. "Shuka uniamkie kwanza."

Elieth alidondosha jalada na kuanza kukimbia, karatasi za Anthony zikipeperuka nyuma yake kwenye vumbi.

Erick hakushuka. Akaweka gia.